Ngoma Nyuma ya Goli

Kitu cha kwanza alichokiona Tunu Jumamosi ile ni mistari ya uwanja: haikupigwa chokaa. Hata hivyo aliwasha moto wa vifuu nyuma ya goli, kama alivyofanya kila siku ya mechi, akaisogeza ngoma ya mashabiki karibu ili ngozi ikaze. Marehemu baba yake ndiye aliyeiwamba.

Gari la uongozi likasimama. Akashuka Bwana Kisauti, katibu wa timu.

"Binti, hukusikia? Ligi imetaka uwanja wenye viti, nasi tumekubali. Timu imehamia mji mwingine. Nimefuata ngoma."

"Mmekubali na nani?" Bi Mkunde, muuza karanga, akamdaka. "Timu iliposhuka daraja tulikuja hata kwa mvua. Hivyo viti vilikuwa wapi?"

"Bi mkubwa, mimi nimetumwa tu."

"Basi rudi ulikotumwa!"

Miaka yote kazi ya Tunu ilikuwa kuipasha ngoma. Kushangilia aliwaachia wengine. Katibu akaichukua kabla haijapata moto, akaipiga kofi. Ikatoa sauti nzito, iliyolegea.

"Mbona imekufa hii?" akauliza, akaitupa nyuma ya gari.

Bi Mkunde akamtazama Tunu, akingoja amweleze katibu kuwa ngozi haijakaza. Tunu akainama mpaka gari likakata kona. Moto ulikuwa umeshika vizuri sasa, na kando yake hapakuwa na kitu. Akaunyoshea viganja, akasema kwa sauti, mbele ya uwanja mtupu:

"Msituache."