Kilomita Elfu Nane

Kindege cha ramani kwenye skrini ya kiti kilikuwa hakisogei. Fundi wa lifti alikigusa kwa kidole, akakigusa tena. Kazini huwacheka watu wanaobonyeza kitufe mara kumi wakidhani lifti itaona haya. Sasa ilikuwa zamu yake.

Kilomita elfu nane toka mji wa kazi hadi mji wa nyumbani, saa kumi na moja hewani. Zilikuwa zimebaki nne.

"Hicho kioo utakitoboa, mwanangu," alisema mama wa makamo aliyeketi pembeni yake. "Unawahi nini?"

"Mama mgonjwa."

"Pole. Utamkuta, Mungu akipenda."

"Simkuti. Ameshafariki. Hawajaniambia tu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja namba ya ghorofa. Mwili mzima ulikuwa umemfa ganzi tangu dada yake alipopiga simu: "Mama kazidiwa. Panda ndege ya kwanza." Watu wa kwao hawampi mtu msiba kwa simu, hasa aliye mbali na peke yake. Humpa uongo mdogo, unaotosha kumfikisha nyumbani. Baba yake naye "alizidiwa" hivyo hivyo, na tayari alikuwa kaburini.

"Huenda safari hii ni kweli," mama yule alisema.

"Nilimwambia dada anipe mama nisikie sauti yake. Eti amelala. Nikampigia mke wangu, simu imezimwa. Dada anasema yuko hospitali anamuuguza mama, chaji imeisha, na watoto wanalala kwa dada. Wamepanga maneno, nawajua."

Mama yule alifungua pakiti ya biskuti, akamwekea mbili mkononi.

Alizitafuna bila kusikia ladha. Alitaka kulia, machozi yakagoma. Basi akaanza kumzika mama yake huko huko angani: akachagua watakaobeba jeneza, akamsamehe kwa kumpenda kaka mkubwa kuliko yeye, akamwomba radhi kwa sikukuu zote alizosingizia kazi. Ndege ilipoanza kushuka alikuwa ameshakubali. Kazi ya Mungu haina makosa, alijiambia. Mradi mke wangu awe pale mlangoni anishike mkono, nitasimama.

Mama wa makamo alimpigapiga begani, wakaagana kwenye foleni ya pasipoti.

Mlango wa wanaowasili ulifunguka. Ndugu walikuwa wamejipanga kimya, dada yake katikati, macho yamemvimba. Mbele yao, mzima wa afya, akija kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa mama yake.

Fundi aliangusha begi, akamkumbatia, akacheka kwa sauti mpaka walinzi wakageuka. Hakuna mwingine aliyecheka. Naye, huku bado anacheka, akainua macho juu ya bega la mama kumtafuta mkewe.