Mstari wa Pili

"Ingiza mupaka mwisho, Docta. Usinionee huruma."

Achille, muuguzi wa kituo kimoja cha afya mtaani Birere, mjini Goma, alisita, kijiti cha pamba cha kupimia korona kikiwa mkononi. Wagonjwa wake wote hurudisha kichwa nyuma. Bibi kizee huyu, Mukamazimpaka, peke yake ndiye aliyeileta pua mbele. Tena hakuwa hata na mafua, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu juma lile.

"Koko, juzi haukukuwa na kitu. Leo unatafuta nini?"

"Juzi ilishapita."

Béata, mjukuu wa bibi huyo anayesomea uuguzi, alimjibia. Jumamosi ilikuwa dot, sherehe ya mahari ya dada yake. Wazee wa familia zote mbili wangekunywa pombe ya mtama kwa mirija kutoka chungu kimoja, kama walivyozoea kwao Rutshuru. Béata ndiye aliyetunga sheria: asiyepimwa asikikaribie chungu. Babu yake, muzee Havugimana, mume wa Mukamazimpaka, alikuwa amekwisha kukutwa na kirusi, akatengwa katika chumba cha nyuma. Hakuna mzima aliyeruhusiwa kuingia; chakula kilipitia dirishani.

"Koko anaogopa kukosa chungu," Béata alisema kwa upole.

"Ninyi vijana munajuaka vyote," bibi alijibu.

Kijiti kikaingia, kikatoka; wakangoja majibu. Achille alitania kwamba afadhali bwana harusi alete vyungu viwili, maana mwenye hamu ya namna hii angemaliza kimoja peke yake. Mukamazimpaka hakucheka. Alikikodolea macho kile kipande cha plastiki cha kipimo kama mtu anayengoja maji ya chai yachemke.

Mstari wa kwanza ukajitokeza. Kisha, taratibu, wa pili.

Béata alimshika bibi yake bega, sauti ikimlegea. "Pole, Koko. Jumamosi tutakuletea chakula huko ndani. Kuanzia leo utakaa mbali na wote wasio na kirusi."

"Na mwenye iko nayo tayari, naye nimukimbie?"

Béata alimtazama Achille. Achille akatikisa kichwa.

"Huyo hapana," Béata alisema.

Mukamazimpaka alikuwa amekwisha kusimama, akijifunga kitenge upya kwa mikono yenye haraka.

"Basi leo muzee hatalala peke yake."