Kidole cha Mchimbaji

"Mtavunja kioo!" alifoka Padri Lestienne. "Tena kanisani!"

Anselme na Kazimir, wazee wawili wa Bruvelles waliostaafu uchimbaji, waliiachia picha ya fremu waliyokuwa wakiigombania, huku wakitazamana kwa hasira.

Picha hiyo ilikuwa imeokotwa katika ofisi ya mgodi uliofungwa. Ilimwonyesha mchimbaji akitoka shimoni: uso mweusi tii kwa vumbi la makaa, kofia ya ngozi imeshuka hadi kwenye nyusi, taa mkononi, anacheka. Nyuma paliandikwa tarehe tu: 5 Desemba 1936.

Leo, tarehe 4 Desemba, ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mwombezi wa wachimbaji. Picha ingetundikwa ukutani, na jina la aliyemo lingeombewa kila mwaka. Padri alilitaka jina hilo kabla misa haijaanza.

"Ni marehemu baba," alisema Anselme. "Ona kidole kidogo, hakina ncha. Kilikatwa na behewa."

"Hata cha baba yangu kilikatwa na behewa," alijibu Kazimir. "Nusu ya mji huu ina vidole pungufu!"

"Wewe Mpolandi, acha hizo! Baba yako, kesho yake baada ya sikukuu? Alikuwa bado chini ya meza na chupa yake."

"Na nani alikuwa amemlalia miguu? Si baba yako?"

Padri alijikaza asicheke. Enzi za mgodi, kila mwaka ilikuwa hivyo hivyo: kesho yake baada ya Barbara, shimo lilibaki nusu tupu. Na aliyekosa kazi siku hiyo aliweza kufukuzwa, na familia yake kutolewa katika nyumba ya mgodi.

Mama Philomène, mjane wa Gaspard, alikuwa akipanga maua miguuni pa sanamu ya Barbara. Ujana wake aliumalizia juu ya shimo, akichagua mawe kutoka kwenye makaa pamoja na wasichana wenzake.

"Huenda ni Gaspard," alisema Kazimir. "Daftari la mgodi linasema hakukosa kazi hata siku moja kwa miaka thelathini."

"Gaspard?" Anselme aliangua kicheko. "Samahani, Mama, lakini kwa chupa mumeo alitushinda sote!"

"Mungu amrehemu," alisema Philomène. "Asubuhi ile hata buti zake hakuziona. Na isitoshe alikuwa na vidole vyote kumi. Nilivihesabu siku ya arusi."

"Basi amebaki nani?" aliuliza Padri.

"Mwanamume wa kweli, huyo ndiye aliyebaki," alisema Anselme. "Ona anavyocheka! Kwanza alfajiri ile kulikuwa na baridi kali."

"Baridi haikuwa neno," alisema Philomène. "Tabu ilikuwa ile kofia. Ilikuwa kubwa mno."

Kengele ya kwanza ililia. Padri alipapasa mifuko akitafuta kalamu.

"Nishikie picha, Mama."

Philomène alivua glavu zake za sufu asije akachafua kioo, akaipokea kwa mikono miwili. Padri alikitazama kidole kidogo cha Mama, akakitazama cha pichani, kisha akavitazama vyote viwili tena, taratibu.

"Mama," alisema, akifungua kalamu, "jina lako kamili la ubatizo ni nani?"