Darasa la Bibi Miwani

Bibi Miwani alikishika kitabu juu chini, akakitazama kwa utulivu kama mtu anayetazama picha ya arusi.

"Mama, kigeuze kidogo," mkaguzi alisema kwa upole.

Akakigeuza ubavu.

Mkutubi alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, haamini macho yake. Huyu ndiye mwanafunzi aliyemtegemea kuliko wote. Wiki iliyopita tu Bibi Miwani alisoma hadithi nzima ya sungura bila kukwama, tena akaigiza na sauti, darasa likacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Anaona haya," mkutubi alisema. "Hajazoea wageni."

"Sina haraka," mkaguzi alijibu, na kweli hakuwa nayo. Alikuwa mtu mzima, koti lake limepauka mabegani, na alipoingia aliwasalimu wote mmoja mmoja kwa kuwapa mkono. "Tuanze na neno moja tu, mama. Hili hapa."

Neno lilikuwa mvua. Bibi Miwani alilikodolea macho kwa muda mrefu.

"Mwavuli," akasema.

Nyuma yake seremala, mwanafunzi mwenzake, alikohoa.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye rafu za mbao, mapazia yaliyokwisha rangi na feni iliyozunguka siku inayopenda. Serikali ilikuwa imeacha zamani kutoa ruzuku ya vitabu. Iliyobaki ni ruzuku ya darasa la jioni la watu wazima, na hiyo ndiyo iliyolipa umeme, kodi ya jengo, na mshahara wa mkutubi, ambao kila mara ulikuja ukijikongoja. Masharti yalikuwa wazi. Mkaguzi akikuta wanafunzi wanasoma, ruzuku inaendelea. Akikuta hawasomi, mlango unafungwa.

Hayo mkutubi hakuwaambia wanafunzi wake. Aliogopa wangeingiwa na kiwewe wakapata kigugumizi. Aliwaambia tu kwamba mtu wa wizara atakuja kuwaona.

"Anakuja kufanya nini hasa, Mwalimu?" seremala alikuwa ameuliza. Wote walimwita Mwalimu.

"Kutazama mmefika wapi."

"Na akikuta tumeshajua?"

"Mkishajua, si furaha? Kazi yangu itakuwa imekwisha!" alisema akicheka, huku anafuta ubao.

Hakuna aliyecheka naye. Alidhani wamechoka.

Sasa ilikuwa zamu ya seremala. Mtu huyu siku hizi hakuacha kitu kilichoandikwa kimpite: makopo ya rangi, mabango, hata vipande vya gazeti alivyofungiwa misumari. Mkaguzi alimpa sentensi fupi kuliko zote. Seremala aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akakunja uso.

"Hii ni e," akasema. Ilikuwa a.

"Na hii?"

"Hiyo pia ni e. Mwenzake."

Muuza mkaa alisema macho yanamwasha. Fundi viatu aliomba asomewe kwanza, na aliposomewa akashukuru, akakaa. Ikawa hivyo hivyo benchi zima, mpaka mkutubi akashindwa kuvumilia. Alitoka nyuma ya meza, akamwinamia Bibi Miwani.

"Bibi, nakuomba," alisema. "Ile ya sungura. Mstari mmoja tu."

Bibi Miwani alimshika mkono, akaupapasa. "Kichwa cha uzeeni, mwanangu. Kinavuja."

Mkaguzi alikusanya vitabu vyake taratibu, akaaga, akatoka. Mkutubi alimfuata hadi barazani.

"Ningempata hata mmoja, ningekuandikia mazuri," mkaguzi alisema kwa sauti ya chini, walio ndani wasisikie. "Hata mmoja."

"Wanajua kusoma, bwana. Wallahi wanajua."

"Nakuamini. Lakini wizara haikunituma kuamini." Alisita, kama mtu anayetafuta neno lisilouma sana, akalikosa. "Ijumaa ulete funguo."

Gari lilipoondoka mkutubi alibaki pale pale. Alifikiria vitabu vikifungwa kamba na kutupwa kwenye stoo ya serikali, panya wakivimaliza. Alifikiria jioni, watu hawa watakwenda wapi. Mwisho alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akapanga maneno. Angewaambia halaumu mtu. Angewaambia woga humkuta yeyote, hata aliyesoma vyuoni.

Alipoingia, wote walikuwa wamesimama dirishani.

"Ameondoka?" muuza mkaa aliuliza.

"Ameondoka."

Seremala akapasuka kicheko alichokuwa amekibana tangu alipokaa. "Mwenzake!" alirudia huku machozi yanamtoka, na fundi viatu akampiga mgongoni, naye hoi kwa kucheka. Mkutubi aliwatazama, asielewe.

Bibi Miwani alimvuta kando, uso umemchangamka kama msichana.

"Utusamehe kwa kukutia presha, mwanangu, lakini tuliapizana. Wale kina mama wa darasa la cherehani si walijionyesha mbele ya mgeni kama huyu? Akawaambia hongereni, mmeshajua, na kesho yake mashine zikabebwa. Sisi hatuingii mtego huo. Nani atathubutu kufunga darasa la watu wasiojua kusoma hata neno moja?"