Kidevu cha Ukoo

Siku hizi sindano ya umeme ikiua unywele wa mwanamke mmoja, huufuta kwa wanawake wote wa damu yake. Basi Mwanakheri aliacha kung'oa ndevu zake ili sindano ione kila shina, kisha akaenda kliniki kwa niaba ya ukoo mzima.

Alirudi kidevu kimevimba. Mama yake, Bi Zaituni, alimpaka utomvu wa mshubiri huku akijipapasa kidevu chake mwenyewe, laini kama yai lililomenywa.

"Mwanangu, umetutoa kimasomaso! Umeumia peke yako, tumependeza sote."

"Taratibu, mama, panawaka."

Bi Zaituni akacheka, akainamia kioo ajitazame vizuri. Nyusi zake zikapukutika juu ya kioo. Akamgeukia binti yake, naye zake pia zimepukutika.

"Mwanakheri," akanong'ona, "nani mwingine wa kwetu yuko kliniki leo?"