Wosia Alioacha Rais

"Onja wewe kwanza," Bibi Lavinia alisema.

Dorcas, mpishi wake, akachota kijiko kimoja cha supu, akanywa, akafungua kinywa kuonyesha kwamba amemeza. Bibi Lavinia akangoja. Dorcas hakuanguka. Hata hivyo Bibi akalisukuma bakuli pembeni, akachukua yai la kuchemsha, akalimenya kwa mkono wake mwenyewe. Huu ulikuwa mwezi wa tatu anaishi kwa mayai.

"Bimkubwa, utakwisha," Dorcas alisema. "Kunywa kidogo tu, nakusihi."

"Mbona una hamu hivyo ninywe?"

Dorcas akaliondoa bakuli mezani.

Kwa miaka minane mama huyu alikuwa mke wa Rais, katika nchi changa ambayo haikuwahi kuwa na mke wa Rais. Hakuna aliyemfundisha kazi. Kila Ijumaa alikaa kwenye kochi, akapokea wake za maseneta na wachuuzi wa maneno, akawapa keki na maji ya limau, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Siku zile hakumwogopa mtu.

Kilichomtia hofu ni wosia. Rais aliandika kwamba watumwa wake mia na ishirini wawe huru siku mkewe atakapomfuata kaburini. Akasifiwa magazetini. Hakuna aliyejiuliza mjane atalalaje katika shamba lile la Virginia, huku kila anayemwashia moto na kila anayemfulia shuka anangoja afe. Na nani angewalaumu? Hata yeye, moyoni, hakuwalaumu. Aliwaogopa tu.

Zaidi ya wote alimwogopa Dorcas. Asubuhi alifumbua macho akamkuta ameinama juu ya kitanda, anasikiliza pumzi zake. Akikohoa, Dorcas yuko mlangoni. Akishuka ngazi, mkono wa Dorcas uko mgongoni kwake, na hakujua kama ni wa kumshika au wa kumsukuma.

Siku ya Mwaka Mpya uvumilivu ukamwishia. Akamwita mjukuu wake Everard, mwanasheria, akatia sahihi: wote waachiwe sasa hivi, asibaki hata mmoja wa kumtakia kifo. Kabla ya adhuhuri njia ilijaa watu na vifurushi, wengine wanaimba, wengine wanalia. Bibi Lavinia aliwatazama kutoka dirishani, mwili ukamlegea kwa raha. Akaagiza chakula, na safari hii si mayai.

Aliyekileta ni Dorcas.

"Wewe hujaondoka?" Bibi alishtuka. "Everard, huyu vipi tena?"

"Dorcas hayumo, Bibi. Kumbe umesahau?" Everard alicheka huku akikunja karatasi zake. "Walioachiwa ni wale wa babu. Dorcas ulikuja naye ulipoolewa, kutoka kwa baba yako. Yeye na wanawe wanne, kwa hati ya baba yako, ni urithi wetu sisi wajukuu; huwezi kuwaachia. Siku Mungu akikuchukua, tunagawana. Mimi nimeshamchagua bintiye Hetty. Wale pacha wanakwenda Georgia. Yule mdogo bado tunabishana."

Bibi Lavinia akageuka kumtazama mpishi wake. Dorcas alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, ameukamata mkono wake kwa mikono miwili, akimwomba Mungu kwa sauti amjalie mama huyu aishi miaka mia.