Nungunungu na Visiki Sita

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku arobaini na mbili kamili kabla ya wakulima kuchoma mabua kama wafanyavyo kila mwaka, Nungunungu alipotoka shimoni kwa taabu. Mihogo ya watu ilikuwa imemnenepesa, na njia ya kuukimbia moto ilipita visiki sita, cha mwisho kikiwa ukingoni mwa mto. Alijaribu kukimbia yote. Kwenye kisiki cha pili akaanguka.

"Mzee, unakwenda au unabingirika?" Nguchiro, hodari wa mbio, alimcheka.

Kwale, asiye na haraka, akamwambia, "Babu, nenda kisiki kimoja, urudi ungali na hamu. Kila wiki ongeza kimoja."

"Kimoja tu? Nitachekwa."

"Utachekwa ukiwa hai."

Akatii. Wiki ya sita akanywa maji ya mto.

Siku ya moto, moshi ulifunika shamba lote. Nguchiro alitimua mbio kwa nguvu zake zote, akajikuta amerudi pale pale alipoanzia, mbele ya shimo la Nungunungu.

"Babu, njia iko wapi?"

"Nifuate. Usinisukume tu, nina miiba."

Wapo wasemao kwamba siku ile Nungunungu alikimbia. Si kweli. Alitembea kisiki hadi kisiki kama alivyozoea. Kwenye cha nne akasimama kuvuta pumzi, na Nguchiro akamngoja nyuma yake.